Njia Haijafunguka, Rudi Nyumbani

Kutoka Jangwani hadi Muhimbili hata mwenye goti bovu anafika kwa miguu. Ukivuka taa za Fire unashika Barabara ya Umoja wa Mataifa, unazipita shule za Azania na Jangwani, si muda umefika. Upande wa pili kuna Hospitali ya Mnazi Mmoja, na Amana ni safari fupi ya bajaji kuelekea Ilala. Kwa mtu wa Kilwa ndani au Sengerema, mjamzito mwenye hospitali tatu jirani hana la kulalamikia. Ndiyo maana hoja ya leo huchekwa kila inapotajwa: kwamba kata za katikati ya Dar es Salaam zinahitaji watu waliofundishwa kumhudumia mzazi njiani, na kwamba wa kwanza kufundishwa wawe madereva wa bajaji.

Mimi naiunga mkono hoja. Nalisema mapema ili msomaji asihangaike kunitafuta katikati ya wasemaji. Ila sababu zangu si zile zinazotajwa kwenye semina, na humu ndani yumo mmoja aliyenipunguzia uhakika. Baraza lenyewe ni la karatasini: nimewaketisha pamoja watu watano wa aina ambayo mtaani unawapata wote, lakini hawakai pamoja. Nimewaita kwa shughuli zao. DEREVA anapaki kijiwe cha karibu na Fire. BIBI ni mkunga wa jadi, Mzaramo wa hapahapa, aliyestaafishwa na sera. MKUNGA ni nesi wa leba katika hospitali ya serikali. DAKTARI ni wa idara ya magonjwa ya dharura. MZAZI anauza khanga na vitenge Kariakoo, ana watoto watatu, na wa tatu alizaliwa kwenye bajaji.

MZAZI: Mimi sikuchelewa. Watu wakisikia mtoto kazaliwa kwenye bajaji wanauliza, "Ulikuwa unangoja nini?" Saa mbili usiku nilikuwa hospitali. Nikapimwa, nikaambiwa sentimita tatu, njia haijafunguka, rudi nyumbani, utakuja uchungu ukikolea. Nikarudi. Saa saba ukakolea. Saa saba na nusu mtoto alikuwa kwenye khanga.

MKUNGA: Hospitali gani hiyo, dada?

MZAZI: Siitaji. Nikiitaja leo, wa nne nitamzalia wapi?

DEREVA: Na bajaji haikuwa yangu, hilo liandikwe.

MKUNGA: Acheni niwasemee wenzangu. Usiku mmoja leba ina wazazi wengi kuliko vitanda. Mwenye sentimita tatu anaweza kukaa hivyo mpaka kesho mchana. Nikimlaza, yule wa sentimita tisa anayeingia nusu saa baadaye nimweke wapi, sakafuni? Halafu kuna jambo jingine. Ukimlaza mapema, kila anayepita anamwona kachelewa. Mmoja anasema aongezewe uchungu kwa dripu, mwingine anasema mtoto amechoka, asubuhi unakuta kapasuliwa. Uchungu mchanga ukipewa kitanda, watu wanaanza kuutafutia dawa.

DAKTARI: Hilo la mwisho ni kweli, wala halisemwi vya kutosha. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilisogeza mstari: uchungu hasa uhesabiwe kuanzia sentimita 5, siyo 4 kama tulivyofundishwa wengi wetu. Lakini, sista, mwongozo uleule ulisema utaratibu wa kuchelewesha kumpokea mzazi mpaka afike hapo ufanywe ndani ya utafiti tu, wenye usimamizi mkali. Haukusema mama avuke Fire usiku kurudi kwake.

MKUNGA: Dokta, mwongozo hauna foleni.

BIBI: Ngojeni. Mmesema huyu ni mtoto wa tatu?

MZAZI: Wa tatu, bibi.

BIBI: Basi aliyempima alipima njia, hakumpima mtu. Mwenye mimba ya kwanza unaweza ukampikia uji, ukala, ukalala, ukaamka, bado. Wa tatu haaminiki. Wa tatu anakaa kimya, kimya, halafu mara moja.

DAKTARI: Shikamoo bibi, umesema kitabu. Mwongozo unasema kutoka sentimita 5 hadi kufunguka kabisa kwa kawaida hakuzidi muda wa saa 12 kwa mzazi wa kwanza na saa 10 kwa aliyekwisha kuzaa. Hapo ni mwisho wa juu. Chini hakukuwekwa kikomo, kwa sababu hakuna.

BIBI: Marahaba. Kitabu kimechelewa kidogo, lakini karibuni.

Hapa naomba nikate mazungumzo, maana ndipo mzizi ulipo. Wanaosomea afya ya uzazi wote wamelelewa na makala ya Thaddeus na Maine ya mwaka 1994, ile ya ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kwenda, kuchelewa kufika, kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Sera za nusu ya Afrika zimejengwa juu yake, na imeokoa watu. Lakini makala hiyo inamwona mama akienda upande mmoja tu, kutoka nyumbani hadi hospitalini. Mzazi wetu wa Kariakoo aliamua mapema, akafika mapema, akaonwa, kisha akarudishwa kwenye mstari wa kuanzia. Mambo matatu yote alikuwa ameyashinda. Ukaribu wa hospitali, ule tunaouita bahati ya watu wa mjini, ndio uliomfanya nesi aone hakuna ubaya kumrudisha. Mama aliyetoka kilometa arobaini kwa pikipiki asingeambiwa arudi. Angetafutiwa hata kona ya varanda.

DEREVA: Sasa mimi nauliza. Si kuna 115? Tumeona matangazo.

DAKTARI: Ipo, na ni kazi nzuri. Mfumo wa m-mama ulianzia Kanda ya Ziwa, Sengerema na kisha Shinyanga, na mwaka 2022 serikali ikaamua uende nchi nzima. Unapiga 115 bila malipo. Anayepokea anakuuliza maswali kwa mwongozo. Akiona ni dharura anatafuta gari la wagonjwa. Likikosekana anampigia dereva wa kawaida aliyesajiliwa, tena huyo dereva analipwa kwa simu akishamfikisha mama. Kwa vijijini hilo limebadilisha mambo.

MZAZI: Mimi usiku ule ningepiga, ningeulizwa nini?

DAKTARI: Ungeulizwa kama unatokwa na damu. Kama kichwa kinauma sana, unaona ukungu, umepata degedege. Kama chupa imepasuka na maji yana rangi ya kijani. Kama mtoto amelala vibaya, au umekuwa na uchungu muda mrefu bila mtoto kutoka.

MZAZI: Sikuwa na hata kimoja.

DAKTARI: Basi ulikuwa mzazi wa kawaida, na mfumo ule umejengwa kwa ajili ya dharura.

MZAZI: Yaani ili nipate gari, kwanza nitoke damu.

DEREVA: Au uje kijiweni.

Dereva alicheka aliposema hivyo, lakini ametaja kanuni halisi ya usafiri wa wazazi katika jiji hili. Mwenye hatari ana namba ya simu. Mwenye uchungu wa kawaida, yaani wengi wao, ana kijiwe. Na idadi ya wanaokwenda kijiweni inakua kwa sababu ya mafanikio yenyewe. Kwenye utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015/16, watoto 63 kati ya kila 100 walizaliwa katika vituo vya afya. Kwenye ule wa 2022 walikuwa 81. Katika tafiti hizohizo vifo vya wazazi vilishuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Sina ubishi na mwelekeo huo, na anayetaka wanawake warudi kuzalia vyumbani mwa uani atafute gazeti lingine. Nasema tu kwamba ukiuhamisha uzazi kutoka nyumbani kwenda hospitalini, umeupitisha barabarani. Zamani baina ya uchungu na mtoto palikuwa na ukuta wa chumba na Bibi. Tukamwondoa Bibi, kwa sababu nzuri, na hatukuweka mtu baina ya mlango wa nyumba na mlango wa leba.

BIBI: Sababu gani nzuri?

MKUNGA: Bibi, usinilazimishe.

BIBI: Sema tu, mwanangu. Umri huu hanikasirishi mtu.

MKUNGA: Damu, bibi. Mzazi akimwaga damu baada ya kujifungua, mikono yako haina dawa ya kuizuia, na mochwari haiko mbali. Wembe uliokatia kitovu cha jana. Watoto wa siku saba waliokakamaa taya kwa pepopunda. Na zile dawa za mitishamba za kuongeza uchungu, ambazo mpaka leo wanakuja wamekwisha kunywa: mfuko wa uzazi unabana bila kupumua, mtoto anachoka, na kwa aliyewahi kupasuliwa unaweza kuchanika.

BIBI: Mitishamba sikumpa mtu. Wengine walitoa. Wembe nilinunua mpya, lakini siwezi kukuapia kwa ajili ya miaka yote. (Akanyamaza kidogo.) Damu nimeiona. Mara moja. Sitaki kuisema hapa.

Hakuna aliyemfuata kwa swali, wala mimi sikumwandikia jingine. DEREVA ndiye aliyeturudisha.

DEREVA: Mimi niko mlemle kwenye mada. Mnataka nifundishwe. Nifundishwe nini hasa? Maana nijuavyo mimi, mama akipiga kelele "natoka," nakanyaga mafuta.

MKUNGA: Hapo ndipo pa kuanzia, kaka. Hukanyagi. Unapaki.

DEREVA: Nipaki wapi, Barabara ya Morogoro saa saba usiku?

MKUNGA: Pembeni, penye taa. Uchungu ukiwa bado unakuja na kuondoka, na katikati yake anaweza kuzungumza na wewe, endesha, tena taratibu. Lakini akianza kusukuma bila kupenda, sauti ikabadilika, akasema anajisikia kwenda haja kubwa, hiyo siyo haja. Ukiona nywele za mtoto, safari imekwisha. Bajaji ikiruka kwenye shimo wakati kichwa kinatoka, unamchana mama na unaweza kumwangusha mtoto kwenye mabati.

BIBI: Na usimwambie abane miguu. Wengi ndivyo wanavyoambiwa. "Jikaze, tumefika." Anajikaza vipi?

MZAZI: Mimi niliambiwa hivyohivyo. Na shemeji yangu.

DAKTARI: Niongeze jambo moja ambalo ni gumu kulifundisha, hata kwa madaktari. Uzazi wa kawaida hauhitaji mtu wa kuvuta. Mtoto aliyekaa sawasawa anatoka mwenyewe. Kazi ya mikono ni kukipokea kichwa kisitoke kwa kishindo, na kuangalia shingoni. Ukikuta kitovu kimezunguka kimelegea, unakipitisha juu ya kichwa, basi. Kisha mabega yanakuja na mwili unafuata kwa kasi. Wanateleza sana.

MKUNGA: Ndiyo maana nataka awe na kitambaa kikavu mkononi kabla, siyo baada. Mtoto akitoka anakaushwa. Anakaushwa kwelikweli, kichwa, mgongo, kwapa, kile kitambaa kilicholowa kinatupwa, anawekwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, wanafunikwa wote wawili. Baridi ya Dar haipo, mtasema. Kwa mtoto aliyelowa, upepo wa bajaji ni baridi.

BIBI: Sisi tulikuwa tunawashika miguu, kichwa chini, unampiga kidogo matakoni alie.

MKUNGA: Hiyo tumeacha, bibi. Asipolia, unamsugua mgongo kwa nguvu kiasi huku unamkausha. Wengi wanaitika hapo. Asiyeitika ndani ya dakika moja anahitaji kupuliziwa hewa kwa mpira na kifuniko cha uso, na hiyo dereva hana.

DAKTARI: Dakika hiyo moja Tanzania tunaijua vizuri kuliko nchi nyingi. Mafunzo ya kumsaidia mtoto apumue yalipofanyiwa majaribio katika hospitali 8 hapa nchini, matokeo yakachapishwa mwaka 2013, vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Siyo kwa mashine. Kwa kukausha, kusugua, na kupuliza mapema.

DEREVA: Na kitovu? Nikate na nini?

MKUNGA: Usikate.

DEREVA: Nisikate kabisa?

MKUNGA: Na chochote. Si wembe, si kisu cha machungwa, si meno. Hakuna haraka. Kinaendelea kumpa mtoto damu dakika za mwanzo, na sisi wenyewe leba tunasubiri kabla ya kukibana. Muache mtoto kifuani na kitovu chake, mlete wote, nitakata mimi kwa mkasi uliochemshwa. Kondo la nyuma likitoka lenyewe, liweke kwenye mfuko, lilale karibu na mtoto, uje nalo nilikague. Lisipotoka, usilivute. Usilivute hata kama mtu mzima anakwambia vuta.

BIBI: Ananitazama mimi.

MKUNGA: Kisha mama apapaswe tumbo, chini ya kitovu chake. Mfuko wa uzazi unatakiwa uwe mgumu kama mpira. Ukiwa laini, sugua mpaka ugumu urudi, mtoto anyonye, na hapo sasa ndiyo unakanyaga mafuta, dereva. Hapo ndipo haraka inapoanza. Damu inayozidi nusu lita tunaiita hatari, na kwenye kiti cha bajaji gizani hutaweza kuipima, kwa hiyo usingoje kuipima.

Nimeyaacha maelezo haya kwa urefu wake kwa makusudi. Kuna fikra kwamba huduma ya njiani ni king'ora, oksijeni na kijana aliyevaa fulana ya kung'aa. Kwa ajali ya lori pale Ubungo, sawa. Kwa uzazi wa kawaida karibu kila jambo la maana ni la kujizuia: usibane, usivute, usikate, usipige, usiendeshe. Hayo yanafundishika kwa mtu aliyeishia darasa la saba. Na yanafundishwa vibaya kila usiku na sinema, na shemeji, na abiria wa kiti cha nyuma.

Hapo DAKTARI akaleta vidonge. Alisema dawa inayobana mfuko wa uzazi kwa sindano, oksitosini, inataka ubaridi na mtu wa kuchoma, lakini misoprostoli ni vidonge, havihitaji friji, na nchi kadhaa huwapa wajawazito wenyewe mapema wavimeze mara mtoto akishatoka. Kwa nini visikae chini ya kiti cha dereva? MKUNGA alikataa katakata.

MKUNGA: Vidonge hivyo akivimeza kabla mtoto hajatoka, umeua. Au kuna pacha tumboni, hujui. Tena vidonge hivyohivyo vina biashara yake mitaani, wewe dokta unaijua. Mpe mama kliniki, kwa maelezo, kwa mkono wa nesi. Siyo kwenye bajaji.

DAKTARI: Nakubali kwenye bajaji. Sikubali kwamba mama asipewe.

MKUNGA: Hilo tukabishane wizarani.

DEREVA: Mmemaliza ya mama na mtoto. Sasa ya dereva. Kwanza, mimi ni mwanamume, yule si maharimu wangu. Pili, mtoto akifa mikononi mwangu, nani atanielewa? Ndugu watasema nimemuua, askari ataniweka ndani mpaka wapelelezi waamke. Tatu, kuna mitaa ya Kariakoo askari hataki kuiona bajaji, na mama hachagui mtaa wa kuumwa. Nne, kiti. Kiti changu nikikifua kinakauka kesho mchana, na hesabu ya bosi ni ya leo.

BIBI: La kwanza nakujibu mimi. Dharura huruhusu lililokatazwa, hilo wanazuoni walikwisha kulimaliza kabla babu yako hajazaliwa. Khanga ni ya nini? Mtu anashika pembe mbili upande huu, mwingine pembe mbili upande ule, stara imekamilika. Kariakoo hata saa saba usiku utakosa wanawake wawili?

MZAZI: Mimi walikuja wanne. Mmoja muuza chipsi. Sikuwahi kumwona tena, na ndiye aliyenishika mkono.

DAKTARI: La pili ni la kisheria na ni la haki. Huwezi kumfundisha mtu kusaidia halafu umwache peke yake na askari. Kigali gari la wagonjwa la SAMU ukilipigia 912 linakuja na muuguzi ndani, kwa hiyo swali la dereva halitokei.

DEREVA: Kigali haina Kariakoo.

DAKTARI: Haina. Lakini ina wauguzi ndani ya gari. Sisi Muhimbili tulifungua idara ya dharura mwaka 2010, na mwaka huohuo chuo chetu kikaanza kusomesha madaktari bingwa wa dharura. Mlangoni pa hospitali tumepata wataalamu. Nje ya mlango, gari la wagonjwa mara nyingi lina dereva na nesi aliyeazimwa wodini. Nesi huyo akiondoka na mgonjwa, wodi imepungukiwa.

MKUNGA: Mimi ndiye huyo nesi.

Mvua nayo ina lake. Anayeujua mto Msimbazi anajua kwamba Desemba 2011 uliua watu zaidi ya 40 jijini na waliookoka mabondeni wakahamishiwa Mabwepande, na kwamba mvua za masika zikizidi Barabara ya Morogoro hufungwa pale bondeni, mabasi ya mwendokasi yakakatishia njiani. Siku kama hiyo mzazi wa Magomeni Mapipa anaiona ng'ambo ya Fire kwa macho na hafiki. Daraja la kuliruka bonde limo katika mradi wa Msimbazi unaofadhiliwa na Benki ya Dunia. Likikamilika, maji hayatakuwa tena hoja ya kufundisha madereva. Foleni ya Mtaa wa Msimbazi saa kumi na moja jioni itabaki.

Nilidhani baada ya hapo hoja imepita. Ndipo MKUNGA akasema lile lililonipunguzia uhakika.

MKUNGA: Niwaambie ninachokiogopa. Mkishawafundisha, mimi na wenzangu tutapata kisingizio. Mama atakuja sentimita nne, mtoto wa tatu, nitamwambia rudi nyumbani bila hata wasiwasi niliokuwa nao, kwa sababu bajaji zimefundishwa. Wakubwa nao watapata kisingizio: vitanda havitoshi, lakini jamii imejengewa uwezo. Mtapiga picha na vyeti. Huyu dada atazalia tena njiani, safari hii kwa utaratibu.

MZAZI: Asante. Nilikuwa natafuta pa kulisema hilo. Nani kasema nataka dereva aliyefundishwa? Vijijini wanajengewa nyumba ya kusubiria, mama anakaa pale mpaka uchungu ukolee. Mimi wa mjini sistahili hata benchi? Nipeni benchi, choo, bomba la maji. Nitembee palepale uani, nirudi kupimwa baada ya muda. Sihitaji kitanda cha mtu wa sentimita tisa.

DAKTARI: Sista, mzazi akija kwako amekwisha kujifungua, unaandikaje?

MKUNGA: Amejifungulia njiani. Kuna mahali pake kwenye daftari.

DAKTARI: Na kwamba saa mbili usiku alikuwa mbele yako ukamrudisha?

MKUNGA: (Baada ya muda.) Hilo halina mahali pake.

Kwa hiyo kwenye hesabu za serikali mzazi wetu ni mwanamke aliyechelewa. Atatajwa kwenye mkutano kama ushahidi kwamba elimu ya jamii bado iko chini, na pengine kama sababu ya kufundisha madereva. Hapo ndipo nilipoyumba: naunga mkono hoja ambayo sehemu ya ushahidi wake imeandikwa vibaya. Bado naiunga mkono, kwa sababu benchi halimsaidii yule ambaye uchungu unamwanzia Gerezani na kumaliza kazi Msimbazi Polisi, na wa namna hiyo hawataisha. Lakini kama halmashauri ina fedha ya jambo moja mwaka huu, basi iwe benchi na safu moja mpya kwenye daftari: waliofika, wakarudishwa, saa ngapi, mimba ya ngapi, namba ya simu. Madereva wafuate mwaka wa pili. Najua utaratibu wa mambo yetu utakuwa kinyume, kwa sababu mafunzo yana posho na benchi halina.

BIBI: Mwandishi kamaliza kuhutubia? Tupange mfuko wa dereva.

MKUNGA: Glavu. Khanga mbili safi zilizofungwa kwenye nailoni. Taulo ndogo. Kofia ya mtoto. Mfuko wa kondo. Tochi, siyo ya simu, simu atakuwa anapiga.

BIBI: Wembe mpya na uzi.

MKUNGA: Hapana wembe, bibi.

BIBI: Basi uzi tu.

MKUNGA: Uzi bila wembe wa nini?

BIBI: Wa kufungia mfuko wenu.

DEREVA: Khanga zikishatumika, nani anarudisha nyingine?

MZAZI: Khanga nitatoa mimi, kwa kijiwe chako kizima. Lakini benchi watoe hospitali.

MKUNGA: Benchi lipo, dada. Halina paa pale, na usiku mlinzi haruhusu mtu kukaa.

MZAZI: Anayemwambia mlinzi aruhusu ni nani?

MKUNGA: Matroni.

DAKTARI: Niandikieni barua ya ukurasa mmoja. Jumatatu nina kikao naye.